Karani Akaribishwa Maji ya Kiwanda Chake

Juzi nilikuwa kwa karani wa kiwanda cha bia, nangoja machicha ya bia ya kulishia ng'ombe wangu, akaingia mama mmoja muuza samaki kutoka Nyamyumba, kando ya ziwa, na kibuyu cha maji ya ziwani mkononi. Kiwanda kinamwaga maji yake machafu ziwani, palepale wanawake wa kwao wanapochota ya kunywa, na watoto wao wanaharisha.

"Mama, maji iko safi," karani akasema bila kuinua kichwa. "Muzungu alisha pima."

"Bon. Basi tunywe."

Kwetu anayekukaribisha kinywaji huonja kwanza, ujue hakutia sumu. Akishaonja, ukikataa umemwita mlozi. Mama akapiga funda la yale maji yenye povu, akameza, akapangusa midomo, akamsogezea karani kibuyu kwa mikono miwili.

"Mi nimesha onja. Zamu yako, bwana karani."

Karani akatazama kibuyu, akatazama mlango wa Mzungu, bosi wake. "Mama, niko ku kazi. Ku kazi ni marufuku kunywa."

Na kinywa chake kilinuka bia tangu asubuhi! Nikamwambia, "Kunywa, mwanangu, ama useme huyu mama ni mulozi, tusikie wote."

Hakunywa. Alichukua karatasi, akaandika ruhusa wanawake wa kwao wachote kwenye bomba safi la ndani ya uzio, kila siku.

Mimi kiwanda sikilalamikii, ng'ombe wangu amenenepa. Ila uchafu bado unamwagwa palepale. Sasa wanaounywa ni samaki, mama huyohuyo anatuuzia, nasi tunakula na vidole tunalamba.