Mjumbe Asiyejua Kutangaza Kifo

Jumapili mchana, katika ukumbi mmoja wa parokia hapa Kalemie, nilitazama mchezo wa kuigiza ulioharibiwa na adabu.

Mjumbe aliingia jukwaani akihema, kofia ya pikipiki mkononi, akasimama mbele ya malkia. "Mama Malkia," akasema kwa sauti kubwa, "mutoto wako ameuawa vitani!"

Mama mmoja wa safu ya mbele akainuka. "We kijana! Njo vile habari ya kifo inasemwaka? Umemupa hata kiti?"

Mjumbe akarudia maneno yake kama alivyoyakariri. Ukumbi mzima ukamzomea. Mama akapanda jukwaani, akamketisha malkia, akamshika mikono yote miwili. "Mama, usiogope. Mutoto ni mugonjwa kidogo tu."

Malkia, ambaye machozi yake yalikuwa tayari, akashusha pumzi. "Aksanti, Mama."

Basi mfalme, aliyengoja nyuma ya pazia aje kuapa kulipiza kisasi, akatoka na upanga juu, akatutazama, akaushusha. Hakuwa na wa kumlipizia. Mchezo ukaishia hapo, tukapiga makofi.

Waandishi wa michezo ya siku hizi wanamtaka mjumbe aingie, aseme, atoke. Huku kwetu habari kama ile hailetwi na mtu mmoja, wala haianzi na mwisho wake.

Mlangoni nilimsikia yule mama akimwagiza mjumbe, ambaye bado alikuwa amevaa mavazi ya mchezo: "Kesho asubuhi tunarudi kwa Malkia pamoja. Tutamuambia ugonjwa umezidi."