Bi Lakini na Sentensi ya Alhamisi

Wanafunzi wake walimwita Bi Lakini, tena mbele ya uso wake. Alifundisha Kiingereza kwa watu wazima katika chumba kilichokuwa juu ya karakana ya seremala, jioni, watu wakishatoka kazini. Vumbi la mbao lilipanda ngazi likatua juu ya madawati, juu ya ubao, hata ndani ya kikombe chake cha chai. Msumeno ukinguruma huko chini, yeye alipaza sauti huko juu, na mara nyingi ulionyamaza kwanza ni msumeno. Alikuwa mwembamba, miwani ameifunga kwa uzi, na ulimi wake, jamani, ulikuwa haubakizi.

Alichokipenda kuliko vyote ni viungo. Kiingereza, aliwaambia, hakipendi sentensi zilizotupwa chini moja moja kama mbao za yule bwana wa chini. Zipige msumari. Tia lakini, tia kwa sababu, tia ingawa, mtu ajue lipi limezaa lipi. Na mkieleza imani ya mtu, mtajeni mwenyewe. "Ukisema mvua itanyesha, mzigo umejitwika wewe. Ukisema baba anaamini kwamba mvua itanyesha, mzigo ni wa baba. Isiponyesha, wewe huna deni na mtu."

Wanafunzi waliipenda sana kanuni hiyo. Nani asiyependa kusema jambo huku mzigo wake kaubeba mwingine?

Kila Alhamisi, kila mwanafunzi alileta sentensi moja: mtu wa nyumbani kwake anaamini nini, kisha lakini, kisha ukweli wenyewe. Sentensi ya kubuni aliikataa katakata, maana ya uongo haikai kichwani, alisema, na ya kweli haikutoki. Ili watu wasione haya, aliweka sharti moja: ya darasani hayashuki ngazi. Mwenye kupatia alipigiwa makofi matatu, na Mwalimu akampandishia swali la pili, "Kwa sababu gani?", naye aongeze kipande kingine. Basi walicheka humo! Dereva wa lori alisema mkewe anaamini kwamba ameacha sigara, lakini anavutia chooni. Dobi akasema mama mkwe wake anaamini kwamba wanamdhani kiziwi wa kweli, lakini husikia sufuria ikifunuliwa. Dereva akapigiwa makofi, dobi akapigiwa makofi, na hakuna aliyekwenda kumwambia mke wa dereva.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuleta sentensi yake. Alikuwa nayo.

Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa gerezani. Alikuwa mlinzi wa ghala la vipuri vya magari. Asubuhi moja ghala lilikutwa tupu, kufuli zima, halijaguswa hata kwa msumari. Msimamizi wa ghala alieleza mahakamani kwamba ufunguo ni mmoja tu, na ufunguo huo hulala na mlinzi. Hakimu hakuhitaji zaidi. Siku ile ya kesi Bi Lakini alikuwa akisahihisha mitihani, ndivyo alivyosema. Na tangu siku ile, mtu akiuliza habari za mdogo wake, alijibu kwa adabu, "Anasema hakuiba."

Mama yao alijibu vingine. "Mwanangu hakuiba," basi, kama mtu anayekutajia jina lake. Kila siku ya kuonana na wafungwa alijikokota hadi gerezani na miguu yake iliyovimba, akarudi jioni akakaa kitandani bila kuvua kanga. Bintiye alimkandia miguu kwa maji ya moto. Kwenda kule yeye, hapana. Leo darasa, kesho kichwa kinauma.

"Nikuulize, mwanangu," mama alisema siku moja, miguu ikiwa ndani ya beseni. "Kwa nini kila mara unaanza na anasema?"

"Si ndivyo anavyosema, mama?"

Mama akatazama maji. "Haya," akasema.

Sasa, kulikuwa na mwanafunzi mmoja fundi cherehani, mwanamke mpole wa kukaa dawati la nyuma, kimya kama maji ya mtungini. Sentensi zake za Alhamisi zilihusu watoto na paka. Alhamisi moja alisimama kabla hajaitwa. Vidole vyake vilikuwa vinapindapinda ncha ya mtandio, na Kiingereza kilimtoka polepole, neno kwa neno, bila kosa: mume wangu anaamini kwamba sikuuona ufunguo alioushonea ndani ya koti lake la kazi, lakini fundi wa nguo za nyumba ile ni mimi.

Darasa likacheka. Wakapiga makofi, moja, mbili, tatu. Bi Lakini naye alikuwa akicheka. Akaiandika ubaoni, akapiga mstari chini ya kiungo, akageuka na swali lake kama kawaida. "Kwa sababu gani?"

Fundi hakukaa. "Aliuficha," akasema, bado kwa Kiingereza, "kwa sababu mlinzi wa ghala analolisimamia amefungwa, na watu wanaamini kwamba ufunguo ulikuwa mmoja."

Wakapiga makofi tena, makubwa zaidi, maana sentensi ilikuwa ndefu na imenyooka. Chaki ya Bi Lakini ilikatika mkononi. Akaokota kipande, akaiandika sentensi yote hadi mwisho, na mahali ambapo fundi alikosea wakati wa kitendo, akasahihisha. Ndiyo, akasahihisha! Mtu akishikwa na butwaa, mikono huendelea na kazi inayoijua.

Darasa lilipotoka alimkuta fundi kwenye ngazi, akamshika mkono. Chini seremala alikuwa anafagia.

"Ile sentensi yako," akasema.

"Bado ina makosa, Mwalimu?"

"Haina. Niambie tena, kwa lugha yetu."

Fundi akatikisa kichwa. "Kwa lugha yetu siwezi. Nimejaribu nyumbani, peke yangu, jikoni. Hayatoki. Kwa Kiingereza ni kama anasema mtu mwingine."

"Mlinzi yule ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja."

Yule mwanamke alikaa pale pale, juu ya vumbi. Akafunika mdomo kwa mtandio. "Uwii, Mwalimu. Mimi sikujua, haki ya Mungu sikujua. Nilitaka kuutua mzigo tu. Ulisema tulete za kweli. Ulisema hayashuki ngazi."

"Nilisema."

"Basi usiyashushe. Nina watoto. Yule bwana akijua, atanimaliza."

Bi Lakini alimwinua, akampangusa vumbi sketi, akamwambia aende nyumbani akafikirie. Usiku ule hakupata hata lepe la usingizi. Alijisikia furaha, na alichukia kuijua furaha yenyewe ilikuwa ya nini. Kabla ya kufurahi kwamba mdogo wake hakuiba, alikuwa kwanza ameshangaa.

Alhamisi iliyofuata dawati la nyuma lilikuwa tupu. Kesho yake akaenda mwenyewe. Fundi alishonea barazani kwake, na pembeni yake, kwenye kiti cha uvivu, aliketi mwanamume mnene mwenye uso wa ucheshi, koti la kaki begani, akinywa chai.

"Aa, ndiye Mwalimu huyu!" akasema bwana. "Karibu, karibu kiti. Mke wangu hana wimbo mwingine ila wewe. Juzi kaniambia eti mnasimuliana mambo ya majumbani mwenu huko."

"Mazoezi tu," Bi Lakini akasema.

"Mazoezi mazuri hayo. Na wewe, mke wangu, ulisimulia nini?"

Fundi hakuinua macho. Cherehani ilikwenda mbio, kitambaa kikapita chini ya sindano kikitoka upande wa pili. "Zile nilitunga, Mwalimu," akasema. "Sikuwa na la kweli. Unisamehe."

Bwana akacheka, akaondoa koti begani akaliweka magotini, bitana ikageuka juu. Ubavuni lilikuwa na mshono mpya, uzi mweupe juu ya kaki, mishono mikubwa mikubwa ya mtu asiyejua kushona. Hakuna fundi ambaye angeshona vile. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini siku ile kilikuwa nguoni mwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa anamimina chai akimkaribisha. Na mwanamke yule alikuwa na alama nyeusi ya kidole chini ya sikio. Bi Lakini aliiona, akajua kwamba ngazi hazikuficha kitu.

Alikwenda polisi hivyo hivyo. Ofisa alimsikiliza vizuri, kalamu haikuguswa.

"Ufunguo huo uliuona wewe, mama?"

"Sikuuona. Mkewe aliuona."

"Mkewe alikwambia?"

"Alisema darasani. Kwa Kiingereza. Lakini sasa anasema alitunga."

Ofisa akakuna shingo. "Kwa hiyo wewe unasema kwamba yeye alisema kwamba mumewe alificha. Na yeye anasema kwamba hakusema." Hakuwa mtu mbaya, akatabasamu kidogo. "Mama, mimi nitakamata nini hapo?"

Na kama angemtaja fundi kwa nguvu, angemtaja kwa mwanamume yule mwenye koti. Alitoka nje, jua likampiga usoni, akalia njia nzima bila kujificha. Mwalimu mzima, kamusi kwapani.

Siku ya kuonana ilipofika, alimwambia mama apumzishe miguu. Akaenda yeye. Alipanga foleni, akapekuliwa, akaingizwa kwenye chumba kirefu chenye wavu katikati. Mdogo wake aliletwa upande wa pili. Alikuwa amekonda mpaka masikio yalionekana makubwa, kama alipokuwa mtoto.

"Mama mgonjwa?" ndilo neno lake la kwanza.

"Mzima. Nimekuja mimi." Akaushika wavu. Maneno yakamtoka yote kwa pamoja, fundi, koti, ufunguo wa pili, polisi. "Hukuiba," akamaliza. "Ninaamini. Ninaamini kabisa, mdogo wangu."

Alimsikiliza bila kupepesa macho. Aliposikia kwamba ofisa hakuandika kitu, aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejua.

"Umeamini lini, dada?"

Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa mtu wa sentensi za kweli. "Alhamisi ya kabla ya hii iliyopita."

"Ulipoambiwa habari za ufunguo."

"Ndiyo."

Kijana akatazama mikono yake. Hakupandisha sauti. "Mama alikuja siku ya kwanza kabisa, nikiwa bado na damu puani. Hakuniuliza ufunguo." Askari akaita muda umekwisha. Akasimama. "Msalimie. Mwambie ile dawa ya kuchua mguu asiache. Na wewe usihangaike tena, dada. Una wanafunzi."

Akaondoka bila kugeuka. Bi Lakini alibaki ameshika wavu mpaka askari akamgonga kidole taratibu kwa rungu.

Nje, ukutani, foleni ya wanawake na vikapu vyao ilikuwa bado ndefu. Mama mmoja wa makamo akamsogezea nafasi kwenye kivuli, akampa maji ya kunawa uso.

"Pole, dada. Una nani humo?"

"Mdogo wangu."

"Kafanya nini?"

Bi Lakini alifuta uso kwa kiganja. "Hakuiba," akasema. Neno moja tu, halikutanguliwa na lolote, na aliusikia uzito wake wote ukimkaa yeye.

Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma, akafunga chupa yake ya maji.

"Ndiyo, dada," akasema. "Wote wanasema hivyo."