Damu Niliyompa Mtoto wa Mwenzangu

Kwetu ni upande wa ziwa, lakini kazi yangu iko Kisii mjini, kwenye duka la sare za shule. Mwenzangu dukani, mama kutoka Manga, alijifungua mimba ikiwa ya miezi saba. Wiki ya pili tumbo la mtoto lilifura likang'aa, akaanza kupata choo chenye damu. Daktari alisema utumbo unaoza. Mtoto akaachishwa maziwa, na damu ikahitajika upesi.

Mimi ndiye niliyetoa. Waliipima magonjwa, wakailinganisha na yake, wakaanza kumtilia kiasi kidogo.

Nilikuwa nimesimama na mama yake karibu na kitanda nesi alipofungua nepi. Mkojo ulikuwa mwekundu wa kahawia, kama strungi, chai isiyo na maziwa. Nesi akafunga mrija wa damu papo hapo, akamwita daktari. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka.

Nyanya yake alizungumza na binti yake kwa Ekegusii, lugha ya kwao, kisha akanigeukia kwa Kiswahili.

"Ni wewe ulitoa hiyo damu?"

"Ni mimi, mama."

Akarudi upande wa pili wa kitanda.

Baadaye maabara ilileta damu nyingine, iliyooshwa kwa maji ya chumvi kuondoa maji ya damu, zikabaki chembe peke yake. Mkojo ulianza kusafika. Lakini utumbo ulikuwa umeshatoboka, na kesho yake mchana mtoto alifariki.

Nilienda mazishini Manga. Nilikaa nyuma kabisa, na chakula kilipoletwa sikuweza kula.

Mwenzangu aliporudi kazini, tulipanga sweta hadi karibu adhuhuri.

"Nilimuuliza yule mtu wa maabara," akasema. "Damu yako ilikuwa nzuri. Ugonjwa ndio ulichubua chembe za damu za mtoto. Maji ya damu ya mtu mzima yeyote yangezivunja. Hata yangu."

"Na kama wangeiosha tangu mwanzo?"

"Hilo pia nilimuuliza. Alisema hawakujua mpaka mkojo ulipobadilika."

"Mama yako umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasema nini?"

Alikunja sweta nyingine, akaiweka juu ya zile zilizokunjwa. "Alichukua jembe, akaenda shambani."

Ninamwamini mwenzangu. Hata hivyo, wanaokusanya damu wakija kanisani na vitanda vyao, mimi hutoka kwa mlango wa nyuma. Yeye husali hapo pia; huniona, na hajawahi kuniuliza.