Ngege Mwenye Medali

Juzi kwenye televisheni nilimwona jodari akifungwa alama mgongoni, ijulikane anakwenda wapi baharini. Papo hapo nikasikia shombo na harufu ya majani ya migomba, jikoni kwetu Muleba, enzi za ujamaa.

Mama alikuwa akipaa ngege, samaki wa ziwani. Karibu na pezi kiling'aa kibati, kama medali yangu ya Bikira Maria.

"Mama, acha! Huyu amebatizwa!"

Kisu kikasimama. Mama akafanya ishara ya msalaba, akamwita baba.

Baba akakisoma kibati. "Wataalamu walimfunga hiki Kisumu, wakamwachia. Kaja mwenyewe."

Tulimla. Nilikuwa sijafika hata Nshamba, hapo jirani, na kinywani mwangu alikuwamo aliyevuka ziwa zima.