Chupa Kutoka Bahari ya Barafu

Kwetu kijana akileta posa hajibiwi, huulizwa. Huuliziwa habari zake kwa watu. Ami yangu, mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa muulizaji wa ukoo mzima, na tangu baba afariki kazi hiyo ilikuwa kama imempa ujana mpya. Posa ya dada yangu ilipokuja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Ami alikwenda msikiti anaosali kijana, akakaa na majirani zake wa mtaa wa Wattaya, hapa Maskati, akanywa kahawa na watu wa ofisini kwake. Akarudi nyumbani Ghubra amenuna.

"Hana kasoro," alisema. "Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Ilibaki kazi yake. Kijana alikuwa mtaalamu wa bahari, na kila kiangazi akiondoka na meli ya utafiti ya wageni kwenda Aktiki, bahari ya barafu huko kaskazini, kupima joto la maji na chumvi yake. Sisi bahari tunayo mlangoni, ina joto na chumvi ya kutosha. Nani amlipe mtu akapime chumvi ya bahari ya wenzake? Mama alishuku kuna mke huko, mwenye macho ya buluu. Ami alishuku kila kitu kwa zamu. Dada hakusema neno. Lakini mimi niliyelala naye chumba kimoja nilijua kuwa huyu akikataliwa, hatamtaka mwengine.

Alhamisi moja, mwanzo wa mapumziko ya wiki, kijana akiwa ndiyo kwanza amerudi safari, tulimwita chakula cha mchana. Mama alipika biriani, Ami aliandaa maswali.

"Nasikia huko jua halizami."

"Kiangazi halizami, ami."

"Magharibi unaisali saa ngapi?"

"Nafuata nyakati za mji wa karibu ambako usiku na mchana hupambanuka."

Ami alinifuata jikoni kwa kisingizio cha maji. "Kajibu upesi mno," aliniambia. "Mkweli hufikiri kwanza."

Tuliporudi, kijana alikuwa anamweleza mama, uso umemng'aa, kuwa kule maji ya juu ni baridi kabisa na chumvi yake ni chache, na chini yake kuna maji yenye joto kidogo zaidi, yaliyosafiri njia yote kutoka Atlantiki, yakajificha humo gizani.

Mama aliweka kijiko. "Ya joto yako chini, ya baridi yako juu? Mwanangu, mimi nachemsha maji tangu mtoto."

"Ni chumvi, mama. Chumvi inayatia uzito, yanazama na joto lake."

Alilisema vizuri sana. Nikamwona mama anaitazama mikono ya yule kijana, kama atazamavyo mtu mikono ya mfanya mazingaombwe.

Wakati wa kuaga akatoa garini sanduku la plastiki. Kiyoyozi cha chumbani kwake kimeharibika, alisema, na ofisi haifunguliwi mpaka Jumamosi, na vilivyomo havitaki joto. "Niwekeeni ndani penye ubaridi, tafadhalini. Ila lisifunguliwe."

Asingelisema hilo la mwisho, pengine lingekaa salama. Ijumaa, Ami alipotoka msikitini, sanduku lilikuwa limeshafunguliwa juu ya meza ya jikoni. Ndani mlipangwa chupa ndogo za kioo, zimejaa maji meupe, kila moja imebandikwa nambari. Jina hakuna.

"Pombe," alisema Ami.

Mama alifungua moja, akanusa. "Haina harufu."

"Isiyo na harufu ndiyo kali."

Nani aonje? Ikiwa ni pombe, nani atautia mdomo wake katika haramu kwa ajili ya uchunguzi? Ami alinitazama, nikatazama dirishani. Basi mama akachukua kikaango, akamimina nusu ya chupa, akawasha gesi. Maji yalichemka, yakapungua, yakalia kidogo, yakakauka. Ukabaki ukoko mwembamba mweupe.

Mama alishusha pumzi; pombe haiachi ukoko. Ami akarudi nyuma hatua nzima.

"Shemegi, unga mweupe! Haya ni madawa ya kulevya! Anayavusha kwenye maji!"

Mama akazima gesi. Sote tulijua serikali inavyowafanya watu wa madawa, na sanduku lilikuwa jikoni kwetu. Hapo dada akaingia kutoka ukumbini, hakumtazama mtu, akapitisha kidole kwenye kikaango, akalamba. Tulimngojea aanguke.

"Chumvi," alisema. "Na mmeshamharibia kazi yake."

Dada aliporudi ukumbini, mlango ukiwa wazi, mama akaijaza ile chupa maji ya mfereji. Akatia chumvi ya jikoni, akatikisa, akaonja, akaongeza. Ami naye sasa hakuogopa kuonja.

"Iko sawa sawa," alisema.

Jumamosi asubuhi kijana alikuja, akashukuru, akalinyanyua sanduku. Ndipo dada alipotokeza sebuleni, mahali ambapo mwari anayeposwa hatakiwi kutokeza.

"Moja humo kaipika mama, akaijaza ya mfereji," alisema. "Ya kumi na moja."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Kijana aliweka sanduku chini, akaitoa chupa, akaiangalia kwenye mwanga. Sikuona cheko usoni mwake.

"Ningeipima, ingenipa nambari ya ajabu," alisema taratibu. "Ningekishuku chombo cha kupimia. Ningewashuku wenzangu wa melini. Kwa nini hamkuniuliza?"

"Kwa nini hukusema kilichomo?" alijibu dada.

Kijana aliirudisha chupa mahali pake. "Nlidhani mtanicheka. Mtu mzima anabeba maji ya bahari kwa ndege, anayaleta Maskati."

Kisha akatueleza, safari hii bila ya kung'aa. Chombo kinachoshushwa baharini hakiaminiwi peke yake. Kikishuka kupima, maji ya kina kile kile huchotwa kwenye chupa, yakapimwa mbali, na watu wengine, kwa mashine nyengine, mpaka ijulikane kama chombo kinasema kweli. "Kazi yangu mimi ni kutoamini," alisema.

Ami alimtazama kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

"Waambie wazee wako waje," alisema.

Kwetu mwari huulizwa kama ameridhia, naye hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo jibu. Dada yangu alikuwa ameshasema, kwa sauti, mbele ya mposaji mwenyewe, na bado amesimama pale pale. Mama na Ami walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aseme hilo linahesabiwaje.