Mtumbwi Tuliouzika Karuba

Mama yangu alijifunza kuzika mali kutoka kwa Waukraine. Nasema hivi wazi kwa sababu watu wa mjini hudhani kwamba sisi wa milima ya Masisi, huku Kivu, tunakimbia vita kama mbuzi waliosikia ngurumo. Si kweli. Kwanza tunasikiliza redio.

Asubuhi ile, nyumbani Karuba, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya malisho. Mizinga ilisikika nyuma ya vilima, lakini bado mbali, kwa hiyo tulikuwa tunakunywa chai. Redio ilikuwa inasimulia vita ya Ukraine. Katika mji mmoja watu walikuwa wanapanga mifuko ya mchanga kuzunguka sanamu za viwanjani. Wengine walikuwa wanashusha picha za watakatifu kutoka kuta za kanisa na kuzipeleka chini ya ardhi, katika vyumba vilevile ambamo akina mama walikuwa wanalaza watoto wao kwa kuogopa mabomu. Mama, aliyekuwa anapepeta maharage, akaweka ungo chini.

"Banaficha sanamu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na bantu?"

"Nabo. Wote chini."

"Pamoja?"

"Pamoja."

Mimi ni mwalimu wa historia, na huo ni ugonjwa usio na dawa. Ukiniuliza jambo dogo nakupa somo zima, na ubao nikiukosa natumia mkono. Nilianza kumweleza jinsi majeshi ya kila zama yalivyochoma maktaba na kubeba sanamu, kwamba anayetaka kuwamaliza watu huanza na vitu vinavyowakumbusha wao ni nani. Nilikuwa sijatoka hata kwa Warumi aliponikatiza.

"Basi siye tunangojea nini?" Akaelekeza kidevu chake kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, ulikokuwa mtumbwi.

Tunauita mtumbwi ingawa haujawahi kuona ziwa. Ni gogo zima lililochongwa tumbo, refu kama mtu mzima aliyelala, la kukandia ndizi za pombe. Ndizi zilizoivishwa shimoni humwagwa humo, wanaume wakazikanda kwa majani makavu hadi maji yatoke, na maji hayo yakichanganywa na unga wa mtama huwa kasiksi. Babu ya baba yangu ndiye aliyeuchonga. Alikuwa amekimbia kazi ya lazima ya barabara ya Wabelgiji, akajificha katika misitu ya Walikale, na kwa kuwa mkimbizi ana muda mwingi na kazi kidogo, akachonga. Ukingoni alikata mistari ya kupinda-pinda na mjusi mmoja mwenye mkia mrefu kupita kiasi. Hatari ilipopita, wanaume wakaupandisha hadi Karuba mabegani.

Chuo kikuu niliandika kazi yangu ya mwisho juu ya sanaa ya watu wa Kivu. Ilikuwa nene. Ilitaja ngoma, fimbo za wakubwa na vigoda vilivyoko katika makumbusho ya Ulaya ambayo sijawahi kuyaona. Mtumbwi wa nyumbani, ambamo niliogeshwa nikiwa mtoto, haukupata hata mstari.

Kwa Mama mtumbwi ule haukuwa sanaa. Ulikuwa ndoa ya mjukuu wake. Dada yangu alifariki mapema na kuacha binti, Mama akamlea, na sasa binti huyo alikuwa ameposwa na kijana wa upande wa Mweso. Kwetu, pombe ya kuwapokea wakwe lazima ikandwe katika mtumbwi wa nyumba ya binti. Wazee wa upande wa pili huja, huupapasa ukingo, huuliza aliyeuchonga, ndipo hunywa. Binti asiye na mtumbwi huonekana kama ameokotwa njiani, na maneno hayo atayasikia kwa mawifi zake hadi uzeeni. Mama alikuwa amemwahidi mjukuu wake kwamba hilo halitampata.

Kuubeba hakukuwezekana. Kuuacha kulikuwa kuwapa wanajeshi kuni, maana kwetu wenye bunduki wakipita, vya kwanza kuchomwa ni milango. Kila mtu huzika sufuria na majembe shambani, na wanajeshi wanajua, hutembea wakichoma ardhi laini kwa vyuma. Ndipo Mama akaona urefu wa shimo nililokuwa nimeanza kuchimba, akasema, "Iko sawa na ya muntu. Tutie musalaba."

Basi tukafanya mazishi. Tuliufunika mtumbwi kwa majani ya migomba, tukaushusha mchana kweupe, kwa sababu kaburi linalochimbwa kwa kujificha huwatia watu mashaka. Nilipiga misumari msalaba wa mbao na kuandika R.I.P. bila jina. Mama alijifunga kitambaa kichwani akaanza kulia kwa ustadi ulionitisha. Mimi nilikuwa nimesimama na koleo.

"Lia basi," akaninong'oneza katikati ya kilio. "Bantu banaangalia."

"Mama, siwezi kulilia gogo."

"Ulilia siku ile equipe yako ilipigwa mabao. Lia!"

Nikalia. Vibaya, lakini nikalia. Majirani wakaja, kama watu wema wanavyokuja hata wakiwa wanafunga mizigo yao wenyewe. Mama mmoja alileta sahani ya maharage na kuuliza kwa heshima nani aliyetutoka.

"Muzee wetu," Mama akajibu. "Wa zamani sana."

"Alikuwa anaumwa?"

"Miguu. Hakuwa anaweza kutembea."

Walipoondoka nilimwambia kwamba amedanganya mbele ya msalaba. Alikuwa anakula yale maharage. "Nimedanganya wapi? Anatuzidi siye bote miaka. Na kutembea, alikuwa anaweza?"

Mizinga ilipovuka vilima tuliondoka na matela, magodoro yetu, kichwani kama wengine, Mama, binti na mimi. Tulishika njia ya Masisi-centre, na huko pia kulipochafuka tukateremka mpaka Walikale. Mimi nilibeba mfuko wa vitabu hadi mlima wa kwanza. Tangu mlima wa pili nilibeba mahindi.

Walikale ilimpokea Mama kwa joto, matope na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alilalamikia vyote, lakini miti mikubwa ya kule aliitazama kama mtu anayetafuta sura ya ndugu yake kati ya abiria. "Iko kama huu?" aliniuliza mara nyingi, akiweka kiganja juu ya shina. Mimi, mtaalamu wa sanaa ya Kivu, sikujua mtumbwi wetu ulitokana na mti gani.

Jirani yetu alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki mnene mwenye utani, aliyetundika rozari kwenye mizani yake ili wateja wasiibishie. Alikuwa anawauzia sabuni na sardini vijana waliokuwa wanaelekea Bisie kutafuta kazi ya madini, na barazani kwake palikuwa na kitu muhimu kuliko sabuni, simu yenye mtandao. Jioni wakimbizi walikuja kutazama habari. Za kwetu zilikuwa chache, kwa hiyo walitazama za Ukraine.

"Mama, angalia," mfanyabiashara alimwambia siku moja. "Bazungu banakimbia."

Mama akasogeza macho. Kituo cha treni, watu wamebanana, mwanamke kashika paka ndani ya koti.

"Banabeba paka?"

"Njo hivyo," akaitikia.

"Na matela?"

"Matela hapana. Iko valizi zenye magurudumu."

"Batalala juu ya nini?" Hakuwa anacheka. "Na baridi ile. Huyu mwenye paka hana hata muntu wa kumushikia valizi."

Mimi nilikuwa na hotuba tayari: vita gani hupata kamera na vita gani hukosa, na kwa nini. Ilikuwa hotuba nzuri, na bado naamini kila neno lake. Nilianza, mfanyabiashara akaniambia, "Mwalimu, ungoje publicité," yaani matangazo ya biashara, na baraza zima likacheka.

Kisha ikaja picha nyingine. Uwanja kati ya majumba marefu yenye madirisha yaliyoungua. Bembea ya watoto. Na karibu na bembea, vifusi vya udongo vyenye misalaba ya mbao. Nilitafsiri Kifaransa cha mtangazaji: mabomu yaliwazuia watu kufika makaburini, wakawazika jirani zao pale walipokuwa, uani.

Mama alitazama mpaka picha ikaisha. Kisha akauliza, "Na vita ikiisha, batabatoa pale ao batabaacha?"

"Batabatoa," mfanyabiashara akasema. "Bazungu banapenda mambo ipangwe."

"Na kama mama wa mutoto hataki atolewe?"

Mfanyabiashara akanitazama mimi, msomi.  Nilivua miwani nikaanza kuipangusa.

Utulivu ulipokuja, ule wa kwetu ambao huja bila kusema utakaa mpaka lini, watu wa kijana wa Mweso walituma ujumbe: harusi isisubiri tena. Mama akamwacha binti kwa mfanyabiashara na mke wake, akanichukua mimi na jembe jipya. Mpango wake ulikuwa mfupi. Kufukua mtumbwi, kuuosha, kukanda ndizi, kuwapokea wakwe katika uwanja wetu hata kama nyumba imebaki kuta tu.

Nyumba ilikuwa imebaki kuta tu. Mabati yalikuwa yameondoka, milango pia. Lakini jikoni palikuwa panafuka moshi, na shamba la nyuma lilikuwa limelimwa vizuri kuliko tulivyowahi kulilima sisi. Msalaba wetu ulikuwa umesimama. Kuuzunguka kulikuwa na misalaba mingine, ya matawi yaliyofungwa kwa kamba, na vifusi vya udongo, vingine virefu, vingine vifupi.

Mwanamke alitoka jikoni akifuta mikono. Kwa umri angeweza kuwa dada yangu mdogo. Aliogopa kwanza, kisha akaona jembe na sura ya Mama, akaelewa kwamba sisi ndio wenye mahali.

"Mutusamehe, Mama. Tulipita hapa tukikimbia, tulikuwa bengi. Bengine balikuwa bagonjwa. Hatukujua fasi ya kuzika. Tukaona hapa kuko muntu tayari, kuko musalaba. Tukasema, huyu ni mwenye fasi, atabapokea."

 Nilitazama kaburi letu. Lilikuwa limepaliliwa, na maua ya manjano ya porini yalikuwa yamepandwa kichwani pake, yale yale yaliyokuwa juu ya mengine. Na ubavuni pake, limeegemea kabisa hata udongo wa moja ulikuwa udongo wa lingine, kulikuwa na kaburi dogo.

"Huyu wenu ni nani?" mwanamke akauliza. "Ninamusalimiaka kila asubuhi, jina sijui."

Nilijua kwamba Mama angeweza kusema kweli kwa maneno mawili, na hakuna ambaye angemlaumu. Ardhi yake, mtumbwi wake, mjukuu wake. Nilijua pia kwamba huwezi kulitoa gogo lile bila kufungua kaburi lile dogo la ubavuni.

"Ni muzee wetu," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya mazishi, ila safari hii hakuwa anaigiza. "Na huyu mudogo wa pembeni?"

"Njo wangu."

"Mbona mulimuweka karibu hivi?"

Mwanamke akatazama mikono yake. "Alikuwa anaogopa kulala peke yake. Nikamupatia muzee."

 Mama akanipa jembe kama mtu anayerudisha kitu alichoazima kwa makosa, akajikunja, akaanza kung'oa majani kati ya makaburi yale mawili. Mwanamke akajikunja upande wa pili. Mimi nilibaki nimesimama na jembe, na safari hii hakuna aliyehitaji kunikumbusha kulia.

Mwanamke yule tulimwacha jikoni kwake, maana lilikuwa limekuwa jiko lake, na tukarudi Walikale. Tulipofika, mfanyabiashara alitupokea barazani na kicheko. "Mama! Muzee amefufuka?"

"Apana," Mama akasema, akivua viatu vyenye matope. "Iko na mugeni."

Harusi ikafanyika hukohuko Walikale, katika uwanja wa watu. Kasiksi ilikandwa ndani ya beseni kubwa la plastiki la rangi ya buluu, la kuazima dukani, na rozari ya mizani iliwekwa kando ili mtu asiivunje. Binti alilia alipoliona beseni. Mama alimvuta nyuma ya nyumba wakaongea, sijui nini, na binti aliporudi alikuwa amenawa uso.

Wakwe walikuja kutoka Mweso kwa njia ndefu. Mzee wao aliketi, akapewa kikombe, akanusa. Macho yake yalizunguka uwanja mzima yakitafuta kitu cha kupapasa.

"Mama mukwe," akasema polepole, "hii pombe iko na harufu ya plastiki. Tuliambiwa kwenu kuko mutumbwi wa zamani."

Niliinuka. Nilikuwa nimetayarisha maelezo, yenye utangulizi. Mama akanivuta koti nikakaa.

"Uko," akasema. "Iko Karuba. Kuna mutoto wa wenyewe amelala pale, hatukupenda kumuamusha."

Mzee alimtazama. Alikuwa ametoka Mweso, mji wa hospitali na wakimbizi, na njia ile aliyopita ina viwanja vingi vyenye misalaba ya matawi. Hakuuliza ni mtoto gani. Aliweka kiganja chake juu ya ukingo wa beseni, akaupapasa taratibu kuuzunguka wote, kama desturi inavyotaka, kisha akanywa.