Alichokiona Mzee Dale

Kidawa, mke wa Mselem dereva wa teksi, alikuwa mtu wa pwani, wa Mkokotoni. Dunia ikamtupa Garland, Texas, kulea wazee wa watu majumbani: kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza ubavu. Mwaka 1997 mzee wake alikuwa Mzee Dale, naye alimwita Babu, apende asipende.

Babu huyu zamani alirusha ndege za abiria. Magharibi moja ya mwaka 1957, jua limeshatua, akaona juu kabisa, juu kuliko ndege yoyote aliyoijua, kitu cha rangi ya fedha kinawaka. Akaripoti, mtu mkweli. Wakaja maafisa wawili wa serikali, suti zimenyooka, adabu tele, wakamwambia ile ni barafu ya angani. "Barafu naijua," akasema, "ile si barafu." Wee! Hapo ndipo alipojiponza. Kampuni ikaona ana wazimu, ikamwondoa kwenye usukani. Akaishia kuuza mazulia. Mkewe Lorene akachoka kuchekwa na majirani, akafungasha akaenda zake na mtoto wao mdogo, Curtis.

Basi Babu akashika lake moja: kitu kile kilikuwa chombo cha wageni kutoka huko nyotani, na wao walimwona yeye kama alivyowaona. Kila jioni Kidawa alimgeuzia kiti dirishani, upande wa machweo. "Watarudi, Kidawa," alimwambia. "Nataka mtu mmoja tu aniambie sikusema uongo, kisha nife." Curtis, jitu zima sasa, alikuwa akija Jumapili na kumkejeli mbele ya watoto wake: "Vipi, jamaa zako wa kijani wamekusalimu?" Watoto wanacheka hadi wanabingirika. Babu anatazama magoti yake. Ah, kuna watu Mungu kawapa ulimi tu, moyo akausahau!

Kidawa alimwamini, na alikuwa na sababu. Baba yake, Mzee Makame, aliwahi kuuona mwezi wa Idi peke yake. Kadhi akamhoji, mbona wengine hawakuuona, au macho yameingia ukungu? Ushahidi ukatupwa, mtaa mzima ukamzomea. Kesho yake zikaja habari kutoka kisiwani Tumbatu kwamba watu wameuona. Loo, siku ile! Walimjia na nyama, na halua, na kumwomba radhi, na mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kidawa alikuwa mtoto, na furaha ile haikumtoka tena.

Sasa Jumapili moja ya Agosti, yumo garini anakwenda kazini, akasikia redioni kwamba majasusi wa serikali wameandika wenyewe. Ripoti nyingi za vitu vya ajabu angani miaka ile zilikuwa ndege zao za siri za upelelezi, zikiruka juu mno, jua likizipiga wakati huku chini kumeshaanza giza. Waliochunguza ripoti walijua. Waliwaambia watu ni barafu, ni joto la hewa, ili siri isitoke.

Kidawa alipiga vigelegele humo humo garini. Alifika hata viatu hakuvua. Curtis na wanawe walikuwa mezani.

"Babu! Babu wangu, ulisema kweli! Serikali imekiri!"

Mzee akainua uso. Kidawa hakuwahi kuuona uso ule ukiwaka vile. "Wamekiri? Walikuwa akina nani, mwanangu?"

"Ilikuwa ndege! Ndege ya majasusi."

"Ya Warusi?"

"Hapana, Babu. Yenu."

Kidawa bado anatabasamu, masikini, anangoja kile kicheko cha baba yake.

"Na wale wawili waliokuja nyumbani kwangu," mzee akauliza polepole, "walijua?"

Hapo ndipo tabasamu lilipomkauka. "Nadhani walijua, Babu."

Curtis akapasuka kwa kicheko, akapiga meza. "Ndege! Miaka yote hii, baba, mama katukimbia kwa sababu ya ndege!" Kisha sauti ikamkatika, akanyanyuka, akawakusanya watoto wake. Hakumtazama baba yake, na hakurudi Jumapili iliyofuata.

Kidawa akapiga magoti, akamshika mzee miguu. "Nisamehe. Nilidhani utafurahi. Si ulitaka mtu akwambie hukusema uongo, kwamba uliona kweli?"

"Kuona nini? Mimi sikuona kitu," alisema Mzee Dale.

"Uliona, Babu! Wenyewe wamesema!"

"Sikuona kitu. Ilikuwa barafu."

Jua lilikuwa linashuka. Kidawa, kwa mazoea, akakigeuza kiti dirishani. Mzee akaufunika uso kwa viganja, akamwambia ashushe pazia. Akalishusha. Tangu siku hiyo mpaka wanamzika, kila jioni Kidawa aliulizwa kama pazia limefungwa vizuri, na kila jioni akajibu, "Limefungwa, Babu."